Poti Mia Moja Thelathini na Tisa

Simu ikilia, Mwalimu hakuipokea. Hiyo ndiyo tabia yake ya kwanza niliyoiona, na iliniudhi sana, kwa sababu aliketi karibu na hiyo simu kuliko sisi wote. Ililia, ikalia, na yeye akaendelea kunywa chai yake ya tangawizi, macho kwenye kioo cha kompyuta. Nilishuka ngazi mbio kutoka juu, nikaipokea nikihema. Nilipoiweka chini akaniambia bila kugeuka, "Nimezipokea kwa miaka ishirini na miwili, binti. Zilizobaki ni zenu."

Jengo letu lilikuwa Thika, karibu na soko. Chini kulikuwa na chuo kidogo cha kompyuta, ambako Mwalimu alifundisha. Ghorofa ya kwanza ilikuwa kliniki, na hapo ndipo mimi nilipokuwa karani. Ya pili ilikuwa ya washonaji wa sare za shule. Ofisi ya daktari wetu ilikuwa ya tatu, juu kabisa, kwa sababu alisema anataka utulivu. Laini ya simu ilikuwa moja, ya chuo, na ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea intaneti. Mtu akiwa kwa intaneti, simu haiingii. Mtu akipiga simu, barua pepe inangoja.

Kabla ya chuo, Mwalimu alikuwa opereta wa simu. Enzi zile ulipotaka kuongea na mtu wa Nakuru au Mombasa, ulimwomba yeye, naye akachomeka waya kwa mkono. Mitambo ya kujiendesha ilipokuja, akapunguzwa kazi pamoja na wenzake. Wengi walirudi shamba. Yeye alinunua kitabu cha kompyuta kilichotumika, cha Kiingereza kigumu, akakisoma mara tatu akiwa na kamusi, kisha akaenda kwa mwenye chuo akamwambia anaweza kufundisha. Mwenye chuo alicheka. Wiki mbili baadaye ndiye alikuwa anamwita aje amtolee virusi.

Alikuwa mwanamke Mwislamu wa Majengo, mtoto wa mjini kabisa, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka na chetu sisi wa Ruiru kilimuumiza masikio. Nikisema "hii kiti imevunjika," ananiangalia mpaka nirudie. Siku moja nilimwambia, "Mwalimu, mzigo yangu imekuja?" Akajibu, "Mzigo wangu haujaja. Yako sijui ni nini." Wanafunzi wake walimwiga wakiwa nje kwenye korido, lakini ndani hakuna aliyethubutu. Alikuwa na hasira za karibu. Alitupa chaki, na alilenga vizuri.

Mambo yake mwenyewe hakuyaficha hata kidogo. Muuza ndizi wa pale nje alijua kwamba Mwalimu ana vidonda vya tumbo, kwamba aliachwa na mume kwa sababu hakuzaa, kwamba mume huyo alikuwa anakoroma kama trekta. Alisema mambo hayo kwa sauti, kwenye ngazi, huku wagonjwa wetu wakipita. Nilimuuliza kama haoni aibu.

"Yangu ni yangu," akasema. "Nikitaka kuyamwaga, nayamwaga. Ya mtu ndiyo siwezi."

Na kweli hakuweza. Miaka ile yote kwenye simu alisikia kila kitu. Alimjua mtu aliyefiwa na mkewe kabla mwenyewe hajajua, na asubuhi yake akasimama nyuma yake kwenye foleni ya unga, mtu huyo akicheka na wenzake. Aliwajua wazee wa kanisa wenye nyumba mbili. Ukimwuliza nani, anaondoa miwani na kuifuta, na mazungumzo yamekwisha.

Mara moja tu alinieleza sababu. Alipokuwa msichana, mwaka wake wa kwanza kazini, alimsikia mchumba wa dada yake akiongea kwa upole sana na mwanamke wa Kisumu. Alivumilia siku tatu, ya nne akamwambia dada. Harusi ikavunjika. Miezi mingi baadaye wakajua kwamba mwanamke huyo alikuwa mama mdogo wa yule kijana, mgonjwa, aliyemlea. Kijana alikuwa ameshaoa kwingine. Dada hakuolewa tena.

"Na dada yako alikusamehe?" nikauliza.

"Ananipikia," akasema Mwalimu. "Sijamwuliza zaidi ya hapo."

Darasani somo lake la kwanza halikuwa kuwasha kompyuta. Aliandika ubaoni namba 65,535, akasimama pembeni. Kisha akaeleza kwamba kompyuta ikiunganishwa na nyingine, ina namba hizo zote za kupokelea wageni, na kila namba inaitwa poti. Barua zinaingia kwa moja, kurasa kwa nyingine, mafaili kwa nyingine. "Na nyinyi mnajua ngapi?" anawauliza. Mtu anasema tatu, mwingine kumi. "Basi hizo nyingine zote, nani anazichunga?"

Wanafunzi walitaka kujifunza kuchapa haraka wapate kazi Nairobi. Hawakumwelewa. Kulikuwa na neno la Kiingereza wakati huo lililoanza kusikika, ambalo gazeti moja lililiita "ukuta wa moto". Mwalimu hakulipenda. "Hakuna ukuta, na moto hakuna," alisema. "Ni orodha. Umeandika nani aingie na nani asiingie. Orodha ikiwa mbaya, hata ukiiita simba, ni mbaya."

Mashine ya kliniki aliifunga yeye mwenyewe, kwa kuombwa na bodi yetu, pale waya ulipovutwa kutoka chuoni ili tuwe tunatuma ripoti zetu kwa wafadhili. Mashine yenyewe ilikuwa ile iliyokaa kwa meza yangu. Kwenye mipangilio ya mtandao, ndani kabisa, kulikuwa na mahali pa kuchagua: ruhusu zote, au ruhusu hizi tu. Akachagua hizi tu, na hapo chini hakuandika hata moja.

Barua pepe ikagoma. Jumamosi nzima alikaa kwa kiti changu, kikombe cha chai kimepoa, akijaribu hili na lile. Hatimaye akagundua kwamba mashine yangu iliweza kuifikia kompyuta ya barua pepe ya Nairobi kwa namba lakini si kwa jina, kwa sababu jibu la "jina hili ni namba gani" nalo lilikuwa linazuiwa mlangoni. Mtu mwingine angefungua zote aende nyumbani. Yeye alitafuta faili dogo ndani ya mashine, akaandika humo kwa mkono wake jina la ile kompyuta ya Nairobi na namba yake, mashine isiwe na haja ya kuuliza. Barua ikaenda. Akacheka peke yake, akapiga meza kofi moja. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile tena.

Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa themanini na sita. Kila alichofungua kwenye mashine yoyote ya jengo lile alikiandika: namba, siku, na sababu. "Kila unachofungua kipe sababu," alitufundisha. "Sababu ikifa, kifunge siku hiyo hiyo." Niliona ni mambo ya mtu mzee asiye na mtoto wa kulea. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Kitu alichokuwa anakilinda sisi wa kliniki tulikijua lakini hatukukitamka. Tulikuwa tunapima ule ugonjwa. Miaka hiyo jina lake halikutajwa hata kwenye matanga. Watu walisema fulani amekufa na malaria, amekufa na kifua. Dawa za watu wa kawaida hazikuwepo. Ukipatikana nao, ulichokuwa nacho ni siri yako, na muda kidogo. Mimi ndiye niliyechapa orodha ya majibu, kwa herufi kubwa, jina la mwisho likitangulia. Mwalimu alipoiona alishtuka.

"Weka namba badala ya majina."

"Daktari anataka majina."

"Mwambie."

"Mwambie wewe, Mwalimu. Mimi atanifuta."

Alimwambia. Daktari akasema hawezi kutibu namba.

Huyo daktari hakuwa mtu mbaya. Alifika mapema, aliwapa wagonjwa nauli kutoka mfukoni. Lakini alikuwa na haraka, na haraka yake ilimfanya aone kila anayemwambia ngoja kama adui. Alitaka kuiona orodha kwa kompyuta yake ya juu bila kuningoja. Nilikuwepo walipozozana, mwanzo wa mwaka huo, kwenye meza yangu.

"Mwalimu, hii file si ni ya kliniki yangu? Mbona siwezi iona?"

"Unaweza, daktari. Binti atakuletea kwa disketi."

"Disketi ya nini na tuko na waya?"

"Waya hautoki hapa kwenda kwako. Unashuka kwanza chini, kwenye kile kisanduku cha chuo, ndipo unapanda. Nikikufungulia wewe, nimewafungulia na wanafunzi wote."

"Si useme ni mimi peke yangu niingie."

"Mashine hii haina hapo mahali pa kuandika jina lako. Inajua namba ya poti tu. Mia moja thelathini na tisa, ama imefunguka au imefungwa."

"Basi weka password."

"Niliweka. Uliniambia niitoe, unasahau."

Daktari akaondoka. Kwa miezi minane alimwandikia mwenye chuo malalamiko, na kwa miezi minane Mwalimu akasema hapana. Mimi nikawa yule wa kupanda ngazi na disketi, mara tatu au nne kwa siku.

Jirani yangu wa Ruiru aliitwa Nyokabi. Tuliishi ploti moja, vyumba vinane na mfereji mmoja wa maji, na chake kilipakana na changu. Aliuza mitumba ya watoto sokoni Ruiru, alikuwa mjane, na watoto wake wawili walikula kwangu kama walivyokula kwake. Siku moja ya Machi niliinua kichwa kutoka kwa kitabu cha wagonjwa nikamwona amesimama mbele yangu, amejifunika leso mpaka kwenye nyusi.

"Shiru? Kumbe ni hapa unafanyanga kazi?"

"Ni hapa."

"Woi." Akashika meza. "Nilikuja Thika ndio nisipatane na mtu wa Ruiru."

"Nyokabi, sitasema."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Hata mzee wangu sitamwambia."

Sikumwambia. Nataka hilo lijulikane, ingawa halisaidii. Nilichapa jina lake nikiwa nimeuma mdomo, na jioni tukakutana kwenye mfereji tukazungumza juu ya bei ya makaa.

Mimba yangu ilikuwa mbaya. Kufikia mwezi wa nane miguu ilikuwa imejaa mpaka navaa patipati za mume wangu. Nyokabi alinichomea viazi vitamu jikoni, akanikanda mgongo. Kazini hakuna aliyenikanda. Alasiri moja, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, disketi mkononi, niliketi chini nikashindwa kuinuka. Cherehani za washonaji zilikuwa zinapiga kelele, hakuna aliyenisikia. Mwalimu ndiye aliyenikuta, akipanda kumpelekea daktari barua.

Aliketi kando yangu kwenye ngazi. Akabonyeza mguu wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale, halikurudi.

"Umemwonyesha daktari?"

"Anasema nipumzike. Halafu ananiita juu."

Nami nikalia, na katika kulia nikasema lile neno ambalo nimeishi nalo.

"Mwalimu, nifungulie tu hiyo poti. Wiki mbili. Nikienda kujifungua utafunga."

"Unajua siwezi."

"Si unasemanga kila poti iko na sababu? Sasa mimi si sababu?"

Kisha akachukua disketi mkononi mwangu, akampelekea daktari mwenyewe, akashuka, akanisaidia kufika kwa meza yangu. Akafungua mipangilio. Akaandika mia moja thelathini na tisa, na zile mbili zinazokwenda nayo, mia moja thelathini na saba na mia moja thelathini na nane, akawasha mashine upya. Jioni daktari alishuka akiwa na furaha, akaniambia, "Unaona? Ilikuwa ni kitu ya dakika tano."

Siku kumi baadaye nikaenda likizo, nikajifungua mvulana.

Yaliyofuata jengoni niliyajua baadaye kutoka kwa mama wa kusafisha. Siku ile ile niliyoondoka, Mwalimu alipanda kufunga. Daktari akamwambia mashine sasa inafanya kazi vizuri, asiiguse. Akarudi Jumatatu, chumba changu kilikuwa kimefungwa na ufunguo uko na daktari. Akarudi Jumatatu ya pili. Siku hiyo alishuka chuoni akang'oa waya wetu kutoka kwenye kisanduku, akautia kwenye mkoba wake. Mwenye chuo akamlazimisha aurudishe mbele ya wanafunzi, akamwambia mara nyingine atang'oka yeye. Akaurudisha. Mama wa kusafisha alisema mwanafunzi mmoja alicheka.

Haikuhitaji werevu wowote. Kwenye kompyuta za chuo kulikuwa na picha ndogo. Ukiibofya, inakuonyesha mashine zote za jirani. Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni, mtu mzima mwenye kibanda cha viatu Ruiru, aliibofya siku moja akaona jina la kliniki. Akabofya hilo. Akaona faili limeandikwa MAJIBU. Sijui alikuwa na nia gani. Nadhani hakuwa na nia. Aliona majina ya watu anaowajua, akachapa kurasa mbili, akaenda nazo Ruiru.

Mtoto wangu alikuwa na majuma matatu. Asubuhi niliwasikia wanawake kwenye mfereji, halafu nikasikia wamenyamaza wote kwa pamoja. Nyokabi akaingia kwangu bila kubisha, karatasi mkononi. Ilikuwa imetolewa kwenye mlango wa choo cha soko, bado ina gundi kwenye pembe.

"Shiru, hii ni typing yako."

Ilikuwa yangu. Herufi kubwa, jina la mwisho likitangulia.

"Nyokabi, si mimi. Naapa si mimi."

"Ni nani mwingine alijua?"

"Si mimi niliitoa. Sijui imetokaje."

"Juzi nimeosha huyu mtoto wako," akasema. "Na hii mikono."

Aliangalia mikono yake kana kwamba ndiyo iliyokosea, akatoka. Nilipaswa kumfuata. Mtoto alikuwa anatafuta ziwa, nikaketi kitandani nikamnyonyesha, na kupitia ukuta nilimsikia akiwaambia watoto wake wakunje blanketi.

Hakuna aliyenunua tena nguo kwake. Mwenye ploti alimpa mpaka mwisho wa mwezi, akasema wapangaji wengine wanalalamika juu ya choo. Watoto wake walirudi kutoka shule saa nne asubuhi, mkubwa amepasuka mdomo. Alihama kabla ya mwezi kuisha, akaenda kwa mama yake, upande wa Murang'a. Alipopakia vitu kwa mkokoteni nilimletea sufuria yake iliyokuwa kwangu. Akaichukua. Hakuniangalia.

Na yeye alikuwa mmoja tu. Orodha ilikuwa na watu arobaini na mmoja.

Bodi iliitana. Mchungaji aliyekuwa mwenyekiti aliketi katikati, daktari kushoto, mwenye chuo kulia. Niliitwa niende ingawa nilikuwa likizo, nikaketi nyuma na mtoto kifuani. Walitaka kujua nani alifungua. Mwalimu akasimama, akatoa daftari kwenye mkoba, akampa mwenyekiti mwenyewe. Nilimvuta mtoto karibu, kwa maana nilijua utaratibu wake. Namba, siku, sababu.

Mchungaji akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti: "Mia moja thelathini na tisa. Imefunguliwa. Sababu: nimetaka mwenyewe."

Akauliza, "Ni kweli?"

"Ni mwandiko wangu."

"Hakuna aliyekuomba?"

Daktari alikuwa anaangalia kalamu yake. Mimi niliangalia kichwa cha mtoto. Mwalimu hakumwangalia yeyote kati yetu.

"Kompyuta ilikuwa chini ya mkono wangu," akasema. "Mkono ni huu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeipima nafasi hiyo miaka yote hii, na haikuwa fupi. Mchungaji alifunga daftari, akavua miwani, akaagiza chai, chai ikaletwa, tukanywa. Mtu angeweza kusimama wakati wowote katika huo muda. Mtoto wangu alikuwa amelala, hata yeye sikuwa naye kama kisingizio. Mwalimu akafutwa siku hiyo. Alitoka na mkoba wake, na simu ya chuo ikaanza kulia alipokuwa anapita mlangoni, na hakugeuka.

Kliniki ikafungwa kimyakimya mwaka uliofuata, kwa sababu hakuna aliyekuja kupimwa tena. Hilo nalo lilikuwa na watu wake, wale waliokaa nyumbani wasijue, wakaambukiza, wakafa. Hao hawana orodha. Nilipata kazi ya kuchapa kwa wakili. Nilisikia kwamba Mwalimu amehama Majengo, yuko Gatuanyaga kwa dada yake, ambaye ana kishamba huko. Sikwenda. Kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Nyokabi alipokufa nilikwenda kwenye mazishi, nikasimama mbali, karibu na migomba. Mtoto wake mkubwa aliniona. Alikuwa na miaka kumi na moja. Aliokota udongo ili autupe kaburini kama wengine, akaniangalia, akautupa, akapangusa mkono kwenye suruali. Ndipo nilipojua kwamba lazima niende Gatuanyaga nikamwombe Mwalimu msamaha, kwa sababu kwa yule mwingine nilikuwa nimeshachelewa.

Nilikwenda na mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea. Huko ni kukavu, vumbi mpaka kwenye kope, mbuzi wamesimama chini ya miiba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mabati, anaambua mbaazi. Alikuwa amekonda. Miwani ilikuwa imefungwa uzi pande zote mbili sasa.

"Umefika," akasema.

"Nimefika, Mwalimu. Habari za hapa?"

"Jua." Akamtazama mtoto. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akanyoosha mikono, nikampa. Alimweka pajani, akamshika nyayo zote mbili, akazipima kwa kiganja. Mtoto alimvuta uzi wa miwani. Hakumzuia. Dada yake, mwanamke mrefu asiyesema, alituletea maji kwenye vikombe vya plastiki akarudi ndani.

"Nyokabi amekufa," nikasema. "Wiki mbili sasa."

"Najua. Nilikwenda kwake."

"Mazishini sikukuona."

"Si mazishini. Kabla. Nilikwenda mara mbili." Alirudia kuambua mbaazi kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. "Nilimwambia, mama, si jirani yako. Ni mimi. Nikamweleza yote, waya, chuo, ile poti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amelala kwa ubavu. Kisha akaniambia, 'Hizo namba mimi sizijui. Mimi najua nilimwambia Shiru, na Ruiru ikajua.'"

Niliweka kikombe chini.

"Mara ya pili aliniomba nimwache alale. Nikamwacha."

"Hakuamini."

"Angeaminije? Hata wanafunzi wangu hawakuelewa, nao walilipa karo."

Mbuzi mmoja alikuja kunusa maganda. Alimfukuza kwa mguu. Niliona nafasi ya kusema nililokwenda kusema, nikafungua mdomo, na yeye akatangulia.

"Watu wananionea huruma hapa. Wanafikiri najutia kazi. Mimi nililala vizuri miaka ishirini na miwili na siri za mji mzima kichwani. Sasa silali. Na si kwa sababu nilikosea, binti. Kukosea kunapita. Ni kwa sababu nikikaa nikafikiria, nikauona tena ule mguu wako kwenye ngazi, naona ningefungua tena. Kila nikifikiria, nafungua. Wale watu arobaini na mmoja wanakuwa mbele yangu, nawajua kwa majina, na bado nafungua."

"Mwalimu..."

"Shika mtoto wako. Jua linamchoma."

Nikamchukua. Alikuwa amelowa, amelowesha na kanga ya Mwalimu, na yeye hakuitikisa.

"Usije ukamwambia huyu," akasema. "Akiwa mkubwa. Kwamba ilikuwa kwa ajili yake. Usimbebeshe."

"Sitamwambia."

Akainamia bakuli lake. Vidole vilikwenda haraka, ganda, punje, ganda, punje, kama mtu mwenye kazi ya kumaliza kabla ya mtu mwingine kufika. Nilisubiri. Hakuinua kichwa tena. Baada ya muda dada yake alitokea mlangoni akaniangalia, nikaelewa, nikamfunga mtoto mgongoni.

Kutoka pale hadi barabara ya lami ni mwendo mrefu. Nilipofika nilimshusha mtoto nipumzike, na hapo ndipo nilipogundua kwamba lile neno lililonitoa Ruiru asubuhi, neno moja tu, sikuwa nimelisema. Niligeuka. Nyumba ilikuwa haionekani, ni vumbi na miiba. Bado ilikuwa mapema, ningeweza kurudi. Gari la Thika likaja, likasimama bila mimi kulipungia mkono, nikapanda.